Nani Kapiga Lile Gitaa?

Ndugu msomaji, kabla sijaanza kujifanya mwanafalsafa naomba nikiri kosa. Mwaka 2018 niliandika maneno kama mia moja hivi ya kuwekwa YouTube chini ya video ya wimbo. Katika maneno yale nilimshukuru mwenye duka la nguo aliyetuazima mashati, nikamshukuru msusi, nikamshukuru jamaa wa gereji aliyetuazima gari la kupigia picha, nikamalizia na Mungu na mashabiki wote. Mtu aliyepiga gitaa sikumtaja. Na wimbo ule bila gitaa ni chai bila majani, maji ya moto na sukari basi. Hilo nalijua mimi, analijua mwimbaji ambaye ni binamu yangu, na analijua kila aliyewahi kuusikia, maana watu wakiuimba mtaani hawaanzi na maneno ya binamu yangu. Wanaanza na lile gitaa, wanalipiga kwa mdomo.

Aliyelipiga ni mzee mmoja wa Magomeni ambaye sisi tulimwita Anko. Jina lake silitaji hapa, na najua mtasema, "Ala! Unaandika makala nzima juu ya majina na wewe mwenyewe unaficha?" Ni yeye aliyeniomba. Mambo ya hotelini nitakayoyaeleza hayajamtoka moyoni, na hataki wajukuu wayasome.

Anko ni deiwaka. Wa Dar wanalijua neno hili, wa mbali niwaeleze. Limetoka kwenye Kiingereza, mfanyakazi wa kutwa, na kwenye daladala deiwaka ni yule anayeshika usukani siku dereva mwenyewe anapopumzika. Kwenye muziki ni mpiga ala asiye wa bendi yoyote. Mpiga besi kaugua, anaitwa deiwaka. Harusi ya Kimara imegongana na ukumbi wa Mbagala, anaitwa deiwaka. Studio inataka gitaa halisi kwa sababu la kompyuta linalia kama simu, anaitwa deiwaka. Anakuja, anapiga, analipwa, anaondoka. Si yeye peke yake. Mwimbaji mmoja akipanda jukwaani usiku mmoja nyuma yake kuna fundi mitambo, waitikiaji wawili watatu, wacheza shoo, mpiga picha, mabaunsa, dereva wa kubeba vyombo, na pengine hakuna hata mmoja wao atakayekuwepo naye wiki ijayo. Sisi tunaona nyota. Kumbe kuna kijiji kizima kimekodishwa mpaka saa tisa usiku.

Sasa nirudi kwenye siku yenyewe. Studio ilikuwa Sinza, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani na blanketi mlangoni. Prodyuza alishatengeneza mdundo, binamu yangu alishaingiza sauti, lakini wimbo ulikuwa umekaa tu, hauendi. Tukasikiliza mara kumi. Mwisho prodyuza akasema, "Hapa panataka mzee." Nikatumwa mimi, kwa sababu kazi yangu katika muziki wa binamu yangu ni kutumwa, kushika daftari la hesabu na kuandika maneno ya kujisifu.

Anko akaja na gitaa ndani ya mfuko wa kitambaa ulioshonwa na mkewe. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Akauliza, "Wimbo wa nini?" Binamu akasema wa mapenzi. "Mapenzi ya kupata au ya kukosa?" Tukatazamana, maana hilo hatukuwa tumelifikiria. Binamu akasema ya kukosa. Mzee akausikiliza mara mbili kimya, akafunga macho, akaomba waya. Hakuna aliyemwambia apige nini. Hakuna aliyemwandikia nota wala kumwimbia. Alichokipiga kilitoka kwake, na katika dakika arobaini kilikuwa kimekwisha. Wimbo ukasimama, ukavaa viatu, ukaanza kutembea.

Tulimlipa shilingi 40,000 na nauli 5,000. Akazikunja, akazitia mfuko wa shati, akasema, "Mungu awabariki wanangu. Na jina mtaandika?" Nikamjibu haraka, "Bila shaka, Anko." Sikuwa nadanganya wakati ule, naomba mniamini. Nilikuwa sijafikiri tu. Kwenye simu yangu alikuwa anaitwa "Anko Gitaa", na sikuona ajabu.

Halafu ikaja video. Binamu alitaka vijana, basi tukamtafuta kijana mmoja mwenye rasta, sura nzuri, tukampa gitaa la kuazima. Ukiangalia vizuri utaona gitaa lile halina waya na vidole vya kushoto havitembei. Lakini nani anaangalia vizuri? Nilipokuwa naandika yale maneno ya chini nilimkumbuka Anko, nikasita. Nikajiuliza, nikiandika jina la mzee, watu watauliza mbona aliyeshika gitaa ni mwingine? Nikaona itatuharibia. Nikaandika mashati.

Mwaka 2021 Anko alikwenda Zanzibar. Alisikia hoteli moja inatafuta wapiga muziki watatu wa kuwatumbuiza wageni jioni, mshahara wa mwezi, chumba na chakula. Kwa mtu aliyeishi miaka mingi kwa kazi za usiku mmoja mmoja, ule "mshahara wa mwezi" ni neno linaloweza kumtoa mtu machozi. Akapiga, wakampenda. Akaulizwa, "Mzee, umerekodi nini?" Akazitaja bendi zake za zamani. Yule meneja, kijana wa leo, hakuzijua. Basi akautaja wimbo wetu, ambao meneja aliujua sana, hata kiitikio akakiimba. Akatoa simu, akaufungua. Akaona kijana wa rasta. Akashuka chini kusoma, akaona mashati, msusi, gereji. Akasema kwa adabu tu, "Mzee wangu, mbona hapa haupo?"

Anko akanipigia akiwa mbele ya yule meneja. "Mwanangu, hebu zungumza na huyu bwana, mweleze nani kapiga lile gitaa." Mimi nilikuwa nimekaa na binamu yangu tunakula chipsi. Binamu alisikia, akanikazia macho, akatikisa kichwa. Nami nikasema, na maneno haya nayasikia mpaka leo, "Anko, niko sehemu mbaya, nitakupigia baadaye kidogo."

Nilipokata, binamu akanieleza hoja yake, na sitaki mumuone mtu mbaya kwa sababu hoja yenyewe ina kichwa na miguu. Alisema, "Ukimkubalia leo kwa mdomo, kesho anakuja na mwanasheria anataka nusu ya wimbo. Sisi tulimlipa. Tulipatana, akapokea, akatubariki. Tena mimi niliuza pikipiki kulipia studio na video. Wimbo ungekufa, Anko angenirudishia sehemu ya pikipiki yangu?"

Nilipiga simu baada ya siku mbili. Nafasi ilishajazwa.

Swali ninalotaka tulitafune hapa ndilo lile. Mtu uliyemwajiri kwa siku moja, mkapatana, ukamlipa, akaridhika, je, bado kuna kitu anakudai? Mapatano yamekwisha, sawa. Deni nalo limekwisha?

Wazee wetu na dini zetu hawakuacha kuwazungumzia watu wa kutwa. Waislamu wanafundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka. Wakristo wana ule mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo sura ya 20, mwenye shamba anawaajiri wengine alfajiri na wengine saa ya kumi na moja jua linazama, na jioni wote wanapata dinari moja. Wa alfajiri wakanung'unika. Mwenye shamba akawajibu kwamba walipatana dinari, na dinari wameipata. Binamu yangu, ambaye kanisani anakwenda Pasaka na Krismasi, aliukumbuka mfano huu upesi sana. "Unaona? Mlichopatana ndicho."

Nilikaa na mfano huo wiki nzima. Nikaona kuna tofauti moja kati ya shamba na studio, na tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua. Mtu wa shamba jua likizama anakwenda nyumbani na mikono yake. Jembe analiweka chini, kazi inalala. Anko jua lilipozama alikwenda Magomeni, lakini vidole vyake vilibaki Sinza. Vikaendelea kupiga usiku ule, na kesho yake, na mwaka uliofuata, kwenye bodaboda, kwenye saluni, kwenye harusi za watu asiowajua. Tulimlipa siku moja, na ile siku haijapata kuchwa. Je, mtu anaweza kuuza kwa bei ya siku moja kitu ambacho hakiishi siku moja? Na akiuza kwa kuwa hana chakula nyumbani, je, ameuza kweli?

Rafiki yangu mmoja fundi mwashi nilipomweleza hayo alinicheka. "Mimi nimejenga nyumba ngapi Tabata? Watu wanalala humo, wanapangisha, wanakula kodi. Kuna mwenye nyumba ananiletea kodi? Tofali langu halilali pia." Hoja hii imenipa taabu na siwezi kudai nimeimaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mwashi alifuata ramani, na tofali likishapigwa lipu halisemi nani kalipanga. Gitaa la Anko halikufuata ramani yoyote, alilichora mwenyewe papo hapo. Huko ndiko kutunga. Sisi tulimwita kibarua tukapokea mtunzi, tukalipa kibarua. Ni kama mtu aliyenunua kuku sokoni, kufika nyumbani akakuta ana yai la kesho na keshokutwa, akasema hayo nayo yalikuwa ndani ya bei. (Mwashi akasema, lakini kuku ukinunua mayai si yako? Basi, mifano ina mwisho.)

Wala jambo hili si la Bongo tu. London, Januari mwaka 1973, kundi la Pink Floyd lilimwita mwimbaji wa kukodi aitwaye Clare Torry. Ilikuwa Jumapili, kwa hiyo akalipwa mara mbili ya kawaida, pauni 30. Wimbo haukuwa na maneno. Akaachiwa atoe sauti anavyojua, akalia, akapaa, akashuka, akaenda zake. Albamu ile, The Dark Side of the Moon, imeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Mwaka 2004 akaenda mahakamani kudai kwamba alichofanya siku ile kilikuwa ni kutunga. Mwaka 2005 wakapatana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake huandikwa pamoja na la Richard Wright kama mtunzi. Miaka thelathini na ushee! Anko hana miaka thelathini ya kungoja.

Na Detroit, Marekani, miaka ya 1960 kampuni ya Motown ilikuwa na wapiga ala wake walioitwa Funk Brothers. Waimbaji walibadilika, wao ndio walikuwa chini ya nyimbo zote zile tunazozijua. Majalada hayakuwataja mpaka mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Aliyekuwa akipiga besi, James Jamerson, alifariki mwaka 1983. Filamu ya kueleza kazi yao, Standing in the Shadows of Motown, ilitoka mwaka 2002. Nikifikiri juu ya hiyo miaka kumi na tisa kati ya kifo na filamu, huwa nanyamaza.

Hapa kwetu kulikuwa na utaratibu mwingine, na vijana wengi hawaujui. Bendi zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na baadaye ikawa DDC Mlimani Park chini ya shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vya shirika, mshahara wa shirika. Walihama sana, ni kweli. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka bendi ya wafanyakazi kwenda Mlimani Park, kisha akaenda Safari Sound, na mashabiki wakahama naye. Lakini kila alipokwenda alikuwa mtu wa pale. Sisemi ilikuwa peponi, kwani nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania na wapigaji wengi hawakuona senti ya nyimbo zile kurudiwa hewani miaka nenda rudi. Ila walikuwa na ujanja mmoja mzuri. Wimbo ukifika kwenye kuchangamka, mwimbaji anamwita mpiga solo kwa jina, mle mle ndani ya wimbo. Jina linaingia kwenye mkanda pamoja na gitaa. Huwezi kulifuta bila kuufuta wimbo.

Baadaye ujanja huo ukageuka. Kwa Wakongo walianza kuita majina ya matajiri wanaolipa ili watajwe, wenyewe wanaita mabanga, na kwetu pia bendi zikajifunza upesi. Aliyetoa hela akawa ndani ya wimbo, aliyetoa jasho akawa nje. Nilipofikia hapo katika kufikiri kwangu nikakumbuka mashati yangu, nikajiona mimi si mwanafalsafa wala nini, ni mwita mabanga wa bei rahisi. Mashati mawili!

Lugha yetu ilishalijua jambo hili kabla yetu. Kibarua ni nini? Ni barua ndogo. Zamani hapa pwani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba kafanya kazi, na kikaratasi kile kikampa jina mwenye kukibeba. Kwenye mashamba ya mkonge napo kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30, kila siku uliyofanya kazi inawekwa alama. Ulikuwa unyonyaji, sipambi. Hata hivyo yule kibarua wa mkonge, mtu aliyedharauliwa kuliko wote, alikuwa na karatasi iliyosema: huyu alikuwepo, alifanya hiki. Anko alikwenda Zanzibar bila karatasi hata moja. Karatasi yake nilikuwa nayo mimi, nikaandikia mashati.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema jina ni sifa tu, ni majivuno ya wasanii. Kwa nyota ni sifa. Kwa deiwaka jina ni cheti cha kazi. Hana barua ya ajira, hana mkuu wa kitengo wa kumtolea ushahidi, hana ofisi ya kupigiwa simu kuulizwa kama alifanya kazi pale. Ana jina chini ya wimbo basi. Ukilificha umempora kazi ijayo, ambayo wewe huna hata haja nayo. Wizi wa ajabu huu, mwizi hafaidi kitu.

Nilisoma mahali kwamba Kant, mwaka 1785, aliandika kwamba tusimtumie mtu mwingine kama chombo tu, bali pia kama lengo lenyewe. Watu wengi wanaukariri usemi huo na kusahau lile "tu", kumbe uzito wote umo humo. Kumtumia Anko hakuna ubaya, yeye mwenyewe anataka atumiwe, asipotumiwa halali na chakula tumboni. Ubaya ni kumtumia tu. Nami nikijiuliza ni wapi hasa lile "tu" liliingia, si kwenye shilingi 40,000. Liliingia kwenye simu yangu, nilipomwandika "Gitaa". Nilikuwa nimeandika kifaa kwenye orodha ya watu.

Sheria ipo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji na kumpa haki juu ya alichokitumbuiza. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa Geneva Desemba mwaka 1996 ulikwenda mbali zaidi, ukampa mtumbuizaji haki ya kutambulishwa kwamba ndiye aliyeifanya kazi. Lakini nani Sinza ana nakala ya Geneva? Studioni mkataba ni kichwa kinachotikiswa. Na hata ungekuwa umeandikwa, angeusaini bila kusoma kwa sababu mkewe anangoja unga. Nimekwisha kuona deiwaka akisaini karatasi juu ya spika huku taa zimezimwa.

Sasa nijipinge mwenyewe kidogo, maana nimeanza kujipenda. Huenda tunapenda kulizungumzia jina kwa kuwa ni rahisi. Jina haligharimu kitu. Tukiandika jina tunajisikia watu wema, na wimbo unaendelea kumlipa mwingine. Nilimwambia Anko hayo yote niliyoyafikiri, Magomeni, kwenye kibaraza chake, karibu mwaka mmoja baada ya Zanzibar. Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi. Nikamweleza jina ni cheti, nikamweleza kibarua na barua, nikamweleza Geneva. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkewe akaleta kahawa. Akasema, "Maneno mazuri hayo. Na hela je?"

Nikababaika. Nikamweleza hoja ya pikipiki. Akafikiri, akasema pikipiki ni kweli, aliyeweka mali yake rehani lazima apate zaidi, hilo hana ugomvi nalo. "Lakini zaidi si zote, mwanangu. Nyinyi mliogopa nitataka nusu. Mngeniuliza mngejua nilichotaka." Nikamuuliza alitaka nini. Akasema alitaka kuitwa kwenye shoo. Wimbo ulipopata jina, binamu alizunguka nao Morogoro, Dodoma mpaka Mwanza, na aliyekwenda kushika gitaa jukwaani ni yule yule kijana wa rasta, nyuma kunapigwa mkanda. "Mngenichukua hata kwa elfu thelathini kwa usiku. Gitaa langu lilikwenda Mwanza, mimi nikabaki hapa nasikia kwa redio."

Sijapata jibu la hilo katika kitabu chochote, na nadhani hata wewe unayetaka kuwa mwandishi, unayesoma hapa huku umeficha shairi lako chini ya godoro, ungepata taabu nalo. Maana sisi nao tuna madeiwaka wetu. Aliyekuchapia hadithi yako usiku kucha. Rafiki aliyekusomea akakwambia ukurasa wa tatu utupe. Bibi aliyekusimulia kisa ukakiita chako. Mimi mwenyewe makala haya nimeyajenga kwa siku mbaya za mtu mwingine, na wahariri hawa wangenilipa hawangemlipa yeye. Kwa bahati hawalipi.

Mwaka 2023 binamu alikuwa na wimbo mpya uliokaa tu, hauendi. Prodyuza mwingine, studio nyingine yenye kiyoyozi, akasema kile kile: panataka mzee. Binamu akanitazama. Nikamwambia mimi simwiti, mpigie wewe. Akampigia. Anko akaja, na mfuko wake wa kitambaa, safari hii umeshonwa kiraka. Shikamoo, marahaba. Hakuuliza mapenzi ya kupata au ya kukosa. Aliuliza, "Nani anaandika?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akasema masharti yake taratibu. Laki mbili kwanza. Shoo zikiwepo aulizwe yeye kabla ya mtu mwingine, akikataa ndipo aitwe mwingine. Na jina, liandikwe sasa hivi, karatasi mbili, binamu atie sahihi zote, moja aondoke nayo. Binamu alivuta pumzi kwenye laki mbili. Akatoka nje kidogo, akarudi, akakubali. Ile ya shoo alitaka iandikwe "ikiwezekana". Anko akasema iandikwe bila hiyo "ikiwezekana" au gitaa lirudi Magomeni.

Nikaanza kuandika. Nilipofika kwenye jina nikakwama. Nilikuwa nalijua la kwanza, la baba yake sikuwahi kulisikia. Akanitajia, nikaandika, nikampa asome. Akavaa miwani, akaishika karatasi mbali kidogo na macho. Akaniomba kalamu, akakata herufi moja niliyoikosea, akaandika iliyo sahihi juu yake. Akafanya hivyo kwenye karatasi zote mbili. Yake akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akauliza waya uko wapi.